Fremu Niliyokunyima

Mwanangu Somoe,

Leo asubuhi ulipoitoa fremu stoo na kuanza kuifunga kwa kamba pamoja na godoro lako, nilikunyang'anya. Sikukuomba uirudishe, nilikunyang'anya. Ukasema, "Mama, ni vijiti vitatu na jiwe, mbona unanifanyia hivi?" Nikakujibu kwamba chuo cha hifadhi ya udongo hakiwezi kukosa vijiti. Kisha, macho yako yakiwa bado yana machozi, nikakuambia kwamba kesho sitakusindikiza mpaka Dar es Salaam kama nilivyoahidi, na kwamba utapanda basi peke yako. Uliniangalia kama unavyomwangalia jirani mgomvi. Ukasema, "Poa, mama. Nitajiongeza." Ukatoka kwenda kuwaaga mama zako wadogo.

Mambo hayo mawili yana sababu moja. Nimeswali alasiri, nimekaa mezani, na nina muda mpaka utakaporudi. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufua, wala za watu wa kuwaepuka. Umekaa na mimi miaka ishirini. Kama hukuyashika hayo, karatasi haitakusaidia. Nitakuandikia habari ya kilima kimoja cha Kikole, na nitaiandika yote, kwa sababu ile uliyoizoea kuisikia haikuwa yote.

Unaikumbuka ile uliyoizoea. Kila mgeni aliyeniuliza kuhusu kazi yangu ya ubibi shamba nilimsimulia hivi: tulichimba makingamaji mazuri Kikole, mkulima mmoja akazembea kuyatunza, masika yakaja, korongo likachimbika. Uliisikia ukiwa mdogo, ukaisimulia shuleni, na mwaka huu uliiandika katika maombi yako ya chuo ili kueleza kwa nini unataka kazi hii. Nilikusahihishia lugha. Niliweka mkato mahali ulipouruka, nikakurudishia.

Mkulima huyo anaitwa Mzee Hassani Ngunda. Hakuzembea.

Wakati huo nilikuwa nimepangiwa Kikole, na wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi sita. Kilima kile kilikuwa kimefyekwa na kuchomwa moto mwaka hadi mwaka kwa ajili ya ufuta, na udongo ulikuwa umeanza kuteremka. Kazi yangu ilikuwa kupima mistari ya kontua, yaani mistari inayokizunguka kilima kwa usawa mmoja, bila kupanda wala kushuka, ili wanakijiji wachimbe mitaro juu yake, ndiyo hayo makingamaji. Mtaro uliokaa sawasawa huyashika maji ya mvua yakasimama na kuzama ardhini. Mtaro ulioinama huyakusanya na kuyatoa yote mwisho mmoja, kama mfereji wa bati la nyumba. Watakufundisha haya wiki ya kwanza.

Nilipimia fremu hiyo hiyo. Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyeitengeneza, kwa sababu alikuwa fundi seremala na hakupenda niazime vya watu. Miguu miwili imeungana juu na kutanuka chini, mti wa tatu umekingama katikati, na kutoka juu unaning'inia uzi wenye jiwe. Uzi ukitulia kwenye alama iliyochongwa katika ule mti wa kati, unajua kwamba miguu yote miwili inakanyaga usawa mmoja. Ni chombo cha kweli kabisa, mradi miguu isibadilike.

Mchwa waliula mguu mmoja. Wiki moja kabla ya kazi ya Kikole, baba yako aliikata ile ncha iliyooza, upana wa kidole hivi, akaniambia, "Mke wangu, nimeupunguza huu mguu. Alama ya zamani haifai tena. Ipime upya kabla hujaitumia."

Nikasema, "Nimesikia."

Kuipima upya ni kazi ndogo. Unaisimamisha fremu, unatia alama uzi unapopita, unaigeuza ili mguu huu ukanyage pale ulipokuwa ule, unatia alama tena, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye ukweli. Ni muda wa kuchemsha chai. Sikufanya. Nilijiambia kwamba upana wa kidole si kitu kwenye kilima kizima.

Hata hivyo kosa hilo lingeweza kujifuta lenyewe. Unapotembea na fremu kilimani, unaizungusha: mguu wa nyuma unakuja mbele, wa mbele unabaki nyuma. Ukifanya hivyo, mguu mfupi unakudanganya hatua hii na hatua inayofuata unarudisha ulichochukua. Lakini mimi nilikuwa na tumbo, na kila nilipozunguka na fremu nilizunguka na tumbo. Wanawake waliokuja kuchimba walisimama na majembe yao wakinitazama. Mke wa Mzee Hassani, Bi Zuhura, mtu wa maskhara tangu kuzaliwa kwake, akapiga kigelegele. "Jamani, njooni mwone! Bibi shamba anacheza ngoma na mwanawe!" Wakacheka wote. Nami sikuzoea kuchekwa. Kuanzia hapo niliacha kuizungusha. Niliinyanyua na kuisogeza mbele hivyo hivyo, mguu mfupi daima nyuma, mguu mrefu daima mbele.

Fikiria hesabu yake. Kila hatua, mstari wangu ulishuka kidole kimoja. Hatua hamsini, vidole hamsini. Mstari niliouita sawa ulikuwa umeshuka kimo cha meza ulipofika mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kwenye mpaka wa shamba la Mzee Hassani.

Sikuandikii habari ya tumbo ili nikubebeshe wewe mzigo. Nakuandikia ili ujue kwamba kosa halikuja likiwa na sura ya kosa. Lilikuja likiwa na sura ya uchovu kidogo na heshima yangu.

Mzee Hassani aliliona kabla yangu. Mtaro wa kwanza ulipokwisha ilinyesha mvua ya rasharasha, na kesho yake alinisubiri njiani na jembe lake begani. Alikuwa na umri wa baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Bibi shamba, maji ya jana yote yamekuja kulala kwangu."

"Mtaro haujasawazishwa chini, mzee. Wakimaliza kuusawazisha yatatulia."

"Sawa. Lakini hebu nifanyie hisani, ligeuze lile dude lako. Huu mguu uende kule, ule uje huku. Tuone kama jiwe litasema neno lile lile."

Alisema hivyo mbele ya watu wapatao ishirini. Mtu ambaye hakukaa darasani hata siku moja alikuwa ananiambia kile kile ambacho mwalimu wangu alikiandika ubaoni. Bi Zuhura akadakia, "Muache, mume wangu. Hilo jiwe limelewa, likilevuka litasema lenyewe." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikawa kama nimewekewa kaa la moto shingoni.

Nikamwambia, "Mzee Hassani, chombo hiki kina wenyewe waliokisomea. Wewe chimba."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, binti," akaenda kuchimba. Alichimba siku tisa. Hakuna aliyechimba kwa bidii kumzidi.

Mwanangu, nimefundishwa kazi na watu wengi, na sehemu kubwa ya niliyofundishwa nimeyasahau. Ile "haya, binti" sijaisahau. Alikuwa amenipa nafasi ya kutengeneza kosa langu bila aibu, kwa kugeuza miti mitatu tu, nami nikaikataa kwa sababu aliyenipa alikuwa na matope miguuni.

Masika yalipokuja, mitaro yote minne ilifanya kazi niliyoichorea. Iliyakusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga mahali pamoja. Nilifika siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ukingo wa shamba la Mzee Hassani ulikuwa umekatika, na mahali palipokuwa na mikorosho sita palikuwa na korongo ambalo ningeweza kusimama ndani yake nisionekane. Mihogo ilikuwa imelala chini, mizizi juu. Mchanga ulikuwa umekijaza kisima cha kitongoji mpaka mdomoni. Bi Zuhura alikuwa anachota matope kwa sufuria, anamwaga kando, anachota tena. Hakuniambia neno la maskhara. Ningependa kama angeniambia.

Nilirudi nyumbani na fremu. Niliiweka stoo, kwenye sakafu ya saruji, nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza. Katikati ya kweli ilikuwa kando ya alama ya zamani, nusu ya upana wa kidole. Niliigeuza tena na tena. Jiwe halikulewa.

Siku tatu baadaye mkubwa wangu wa kazi aliniagiza niandike taarifa. Nataka uelewe mpangilio huo vizuri, kwa maana ndio ninaouonea haya kuliko korongo lenyewe: niligeuza fremu kwanza, nikaandika baadaye. Nilikuwa ninajua. Niliandika hivi: "Mkulima hakuzingatia maelekezo ya utunzaji wa makingamaji, hali iliyosababisha kingo kubomoka." Sentensi hiyo haina dosari ya lugha. Niliiandika kwa wino mweusi, mwandiko uliosimama, nikaisoma mara mbili, nikatia saini. Niliandika hivyo juu ya mtu ambaye nilijua hataweza kuisoma.

Walimwondoa katika orodha ya wakulima wa mfano. Kikole ikampa jina jipya, Mzee Korongo, na vijana waliozaliwa baadaye hawajui kwamba ana jina jingine. Mimi nilihamishiwa Miteja, nikakuzaa, nikasifiwa, nikastaafu.

Nilionana naye mara moja tu tangu wakati ule, msibani, miaka mingi iliyopita. Wewe ulikuwa umeshika kanga yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakushika kichwani akauliza, "Ndiye yule aliyekuwa anacheza ngoma?" Nikasema ndiye. Akatabasamu. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya ndugu, "Na lile jiwe, bibi shamba, bado unalo?"

"Ninalo, mzee."

"Litunze," akasema, akaendelea na watu wake. Alikuwa anajua. Amejua siku zote. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, tumekaa jamvi moja, na nikajishughulisha kukufunga vifungo vya gauni.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limeamka wiki hii. Jumatatu alinipigia simu afisa kilimo mpya wa Kikole, kijana mwenye adabu. Akaniamkia, nikaitikia, akasema, "Mama, nimekuta taarifa yako ya zamani kuhusu lile korongo. Imetusaidia sana. Siku hizi hakuna anayeandika vizuri namna hii." Nikamwuliza imewasaidia katika nini. Akaeleza kwamba umepatikana mpango wa kulitengeneza korongo, na kwamba mkutano wa kijiji utapitisha kuitwaa sehemu ya juu ya shamba la Mzee Hassani na kuikabidhi kwa kikundi, kwa kuwa familia yake ilishathibitika haitunzi ardhi. Uthibitisho ni ile sentensi yangu.

Nikamwambia, "Ahsante kwa kunijulisha."

Ndivyo nilivyomjibu, Somoe. Hata Jumatatu, katika umri huu, mdomo wangu ulikwenda wenyewe kwenye njia yake ya zamani. Nilikaa na jambo hilo Jumanne nzima. Nilijiambia kwamba mzee amekwisha kuchoka kwa uzee, kwamba huenda watoto wake hawalitaki shamba, kwamba wewe unaondoka na si vizuri nikuharibie jina siku ya safari. Jina langu ndilo ulilolitaja kwenye maombi yako, na katika kazi hii watu wanafahamiana; yatakayosemwa Kikole yatakufikia chuoni. Zote zilikuwa sababu nzuri. Zilinikumbusha mwandiko wangu uliosimama.

Jumatano nilimpigia yule kijana. "Mkutano ni lini?"

"Jumamosi saa nne, mama. Utakuja kutuunga mkono?"

"Nitakuja," nikasema. Jumamosi ni kesho.

Kwa hiyo sikukunyima fremu kwa uchoyo. Ninaihitaji. Ile alama ya zamani bado ipo, na mguu uliokatwa bado umekatwa. Sikuwahi kuurekebisha, wala sikuwahi kuitumia tena, na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini bibi shamba alikuwa anapimia mpira wa maji tu, ule unaoonyesha usawa kwa maji yanayotulia kwenye ncha zake mbili. Nitaisimamisha mbele ya mkutano. Nitamwomba Mzee Hassani aigeuze kwa mkono wake, na kama hawezi kusimama nitamwomba Bi Zuhura. Wote wataona uzi unapoangukia. Baada ya hapo nitaisoma ile sentensi kwa sauti na kusema ni nani aliyeiandika akijua.

Sijui kama watanisikiliza. Inawezekana wameshaamua, na mkutano ukawa wa kugonga mihuri tu. Inawezekana Mzee Hassani akakataa kuishika, na ana haki. Inawezekana yule kijana akaniona nimechanganyikiwa. Sina la kujitetea juu ya hayo. Nina fremu tu.

Wewe unakwenda kujifunza kazi ya kuchora mistari kwenye mashamba ya watu wengine, halafu kuondoka. Mvua itakuja wewe ukiwa mahali pengine, na watakaokuwa chini ya mstari wako ni wao. Sikujui utakavyokuwa siku utakapokuwa umechoka, jua limekuchoma, na mtu mwenye matope miguuni anakwambia hebu igeuze. Ninatamani ningejua. Nimekulea kwa ukali kwa sababu nilidhani ukali utakufanya mkweli, na mimi mwenyewe nilikuwa mkali kwa wino mweusi. Labda nilipaswa kukulea kwa kukuonyesha hii fremu.

Chuoni watakupa miti utengeneze ya kwako. Ukishaipata alama yako, usimwite mwalimu kwanza. Mwite aliye karibu, awe mpishi, awe mlinzi, umwambie aigeuze na akucheke akitaka. Uzoee mapema. Mimi nilichelewa kuzoea, na kuchelewa kwangu kumekula mikorosho sita, kisima, na jina la mtu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo. Ukimaliza, tafadhali usije kugonga mlango wangu. Nikianza kukueleza haya kwa mdomo nitayalainisha, ninajijua. Nitaanza na tumbo na jua, na tutakapofika kwenye ile taarifa utakuwa umeshanisamehe. Sitaki unisamehe kabla ya kesho saa nne. Kama una hasira, panda nayo basi. Kama huna, panda hivyo hivyo.

Sikukuambia jambo moja la mwisho asubuhi. Basi lako la kaskazini na langu la kusini yanapita Miteja karibu wakati mmoja. Nitakuwapo kituoni, ila upande wa pili wa barabara, na fremu begani. Itaonekana nzito kwangu, maana ni ndefu na bega langu si lile la zamani. Utatamani kuvuka kuja kunipokea.

Usivuke, mwanangu. Simama na mizigo yako, nami nisimame na wangu, basi litakalotangulia litangulie.

Mama yako